Spana ya Bei Kubwa au ya Bei Nafuu: Jinsi ya Kujaza Sanduku la Zana za Gereji

Fundi wa magari anayeanza kazi Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa hulikuta soko lenye pande mbili zisizofanana. Upande mmoja zimepangwa seti za soketi (vikombe vya chuma vinavyoshika vichwa vya nati) ndani ya makasha ya plastiki, vipande mia moja na zaidi, kwa bei isiyotosha kununua racheti moja (mpini wenye meno wa kuzungushia soketi) ya kampuni za bei kubwa kama Snap-on, Hazet au Stahlwille. Upande wa pili zipo hizo racheti zenyewe, kama zikipatikana. Ushauri anaopewa mara nyingi ni kwamba anunue seti ya bei nafuu kwanza, kisha kila kinachovunjika akibadilishe kwa kilicho bora. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini una kasoro moja kubwa, nayo ni kudhani kwamba zana mbovu hufa peke yake. Spana iliyopanuka mdomo inaweza kuishi miaka mingi bila kuvunjika, huku ikizila kona za nati za wateja moja baada ya nyingine. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye nati. Zana hulipiwa bei kubwa pale ambapo kushindwa kwake kutaharibu kitu chenye thamani kuliko zana yenyewe, au kutamuumiza mtu; kwingine kote bei nafuu inatosha, na fedha inayobaki ina kazi nyingine.

Hatua ya 1: Orodhesha vipimo unavyovitumia kweli

Kabla ya kwenda dukani, andika aina za magari unayoyahudumia na vipimo vya nati na bolti zake. Anayetengeneza magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, atajikuta akishika vipimo vya milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19 kila siku, pamoja na 21 kwa nati za magurudumu ya Toyota nyingi. Anayepokea magari ya Ulaya atahitaji 13, 16 na 18 pia. Tofauti hiyo inatokana na viwango vya utengenezaji: bolti ya M8, yaani yenye unene wa milimita 8, hupewa kichwa cha milimita 12 kwa utaratibu wa Kijapani na milimita 13 kwa utaratibu wa kimataifa, na ile ya M10 hupewa 14 kwa Wajapani na 16 au 17 kwa wengine.

Orodha hiyo ikishakuwa mkononi, rudi ulitazame kasha la vipande 108. Sehemu kubwa ya hesabu hiyo ni bisibisi fupifupi za kuchomeka, vipimo vinavyojirudia na, katika seti nyingine, soketi za inchi ambazo fundi wa Toyota hatazigusa mpaka astaafu. Vipimo vya inchi vina maana kwa anayetengeneza Land Rover za zamani au matrekta ya zamani ya Massey Ferguson. Kwa wengine ni uzito wa kubeba bure. Ukigawanya bei ya seti kwa vipande utakavyovitumia, badala ya vipande vyote vilivyomo, unafuu wake hupungua sana.

Hatua ya 2: Pima gharama ya kushindwa

Kwa kila kipimo ulichoandika, jiulize nini kitatokea zana ikiteleza. Bisibisi ikiteleza kwenye skrubu ya kifuniko cha plastiki cha matope, hasara ni ndogo na dawa yake iko dukani. Spana ikiteleza kwenye nati ya bomba la breki, mambo ni mengine. Nati ile ni laini, mara nyingi ina kutu, na kona zake zikilika huna budi kukata bomba au kulibadilisha lote, ukamwage mafuta ya breki na kutoa hewa upya.

Tuseme spana nzuri ya mabomba ya breki inauzwa shilingi 40,000 na ya bei nafuu shilingi 8,000. Tofauti ya shilingi 32,000 inaonekana kubwa mbele ya muuzaji. Sasa hesabu bomba jipya, mafuta ya breki, nauli ya kwenda kutafuta vipuri na nusu siku ya kazi ambayo mteja hatailipia, kwa kuwa hakuileta gari kwako ili uharibu bomba. Kwa gari moja tu tofauti ile yote imeliwa. Fanya hesabu ya namna hiyo kwa kila zana, nawe utaona orodha ikijigawa yenyewe.

Hatua ya 3: Weka fedha kwenye zana zinazoshika kona

Kundi la kwanza linalostahili bei kubwa ni soketi ndogo, kuanzia 8 hadi 14. Bolti ya M6 yenye kichwa cha milimita 10 hukazwa kwa takriban Nm 10 tu (Nm, yaani nyutonimita, ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na ikishashikwa na kutu haina nguvu ya kuvumilia mchezo wa soketi iliyolegea. Chagua zenye pembe sita. Zile za pembe kumi na mbili huingia kwa urahisi katika nafasi finyu, lakini hukaa karibu sana na kona za nati, na nati iliyoanza kulika humaliziwa nazo. Watengenezaji wazuri huziumba kuta za ndani ili zisukume ubapa wa nati na kuiacha kona ipumue. Snap-on huuita mtindo wao Flank Drive, na kampuni nyingi nyingine zina wa kwao kwa jina tofauti. Angalia pia unene wa ukuta wa soketi. Chuma duni hulazimika kufanywa kinene ili kisipasuke, kisha soketi inakataa kuingia pale ambapo bolti imejificha karibu na bloku.

Spana za mabomba ya breki zimekwisha kutajwa. Mdomo wake ni wa duara lenye pengo la kupitishia bomba, na ni pengo hilo linaloifanya spana duni ijifungue pindi unapoweka nguvu. Kwa magari mengi ya Kijapani kipimo cha 10 ndicho kitakachofanya karibu kazi yote, hivyo hakuna haja ya kununua seti nzima ya bei kubwa. Nunua hiyo moja, iwe bora kuliko zote.

Bisibisi za nyota zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu wengi wanalaumu skrubu badala ya bisibisi. Skrubu nyingi za pikipiki na magari ya Kijapani zilichongwa kwa kiwango cha JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Japani, ambacho kinafanana kwa macho na nyota ya Phillips bila kuwa sawa nayo. Ncha ya Phillips haifiki chini ya tundu la JIS. Inaelea juu, na nguvu ikizidi hupanda na kutoka, ikichukua kingo za tundu pamoja nayo. Skrubu za JIS mara nyingi zina kitone kidogo kilichobonyezwa kichwani. Ukikiona, tumia bisibisi iliyotengenezwa kwa kiwango hicho, kama za Vessel za Japani. Ncha ya JIS hufanya kazi vizuri kwenye skrubu za Phillips pia, kwa hiyo fundi wa pikipiki na magari ya Kijapani hana sababu kubwa ya kununua za aina nyingine. Bisibisi mbili za namba 2 na moja ya namba 3 zilizo bora zinazidi pakiti ya bisibisi kumi za rangi zote.

Aleni (funguo za pembe sita zinazoingia ndani ya tundu) na ncha za Torx (zenye umbo la nyota ya ncha sita) zinaingia katika kundi hilihili, kwa kuwa ncha ya chuma laini hujisokota ndani ya tundu na kuliharibu.

Racheti nayo ina hesabu yake. Yenye meno 24 huhitaji kuzungushwa nyuzi 15 kabla ya kushika jino linalofuata. Yenye meno 72 huhitaji nyuzi 5. Kwenye starta au altaneta iliyobanwa karibu na ukuta wa injini, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama nati itafunguka pale pale au itabidi kitu kingine kitolewe kwanza. Hata hivyo, usilipe bei kubwa kwa ajili ya idadi ya meno peke yake, kwa maana meno mengi yaliyochongwa vibaya huruka chini ya mzigo, na ngumi yako ndiyo itakayopokea. Tafuta racheti ambayo vipuri vyake vya ndani vinauzwa, na usiitumie kuanzishia nati iliyoganda. Kwa kazi hiyo kuna mpini mrefu usio na meno, ambao kwa bei ya kati tu utakutosha.

Zana ya mwisho katika kundi hili ni toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Hapa jina kubwa halikusaidii sana kama kipimo hakikaguliwi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinaruhusu toki renchi za kawaida za aina ya kubofya zipotoke kwa asilimia 4 hivi, na kama mtengenezaji hakusema vingine, kinataka zikaguliwe kila baada ya miezi 12 au mibofyo 5,000. Toki renchi ya bei ya kati iliyokaguliwa inashinda ya bei kubwa iliyoanguka sakafuni miaka mitatu iliyopita. Ukaguzi wa kukadiria unawezekana hata gerejini. Bana kichwa cha toki renchi kwenye jiriwa, mpini ukiwa umelala sawa na ardhi, kisha ning'iniza mzigo wa kilo 25 uliopimwa kwenye mizani sahihi katikati ya mshikio, mahali ambapo umbali kutoka kwenye kichwa ni sentimita 40. Mzigo huo unatoa takriban Nm 98, na uzito wa mpini wenyewe utaongeza kidogo. Toki renchi iliyowekwa kwenye 95 inapaswa kubofya. Ikikaa kimya hata kwenye 80, usiitumie kukaza silinda hedi ya mtu. Baada ya kazi irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa, wala usiitumie kufungulia.

Hatua ya 4: Acha bei nafuu ifanye kazi yake

Nyundo, tindo, panchi, sumaku ya kuokotea, brashi za waya, fila geji na fremu ya msumeno wa chuma havina siri yoyote. Bledi za msumeno ni habari tofauti, kwani bledi duni hung'oka meno kwenye bolti ya kwanza. Kwa nyundo, hakikisha mpini umeshika na kichwa hakina nyufa, na usigonge nyundo kwa nyundo, maana vipande vya chuma kigumu huruka machoni. Spana kubwa za 27, 30 na 32, ambazo fundi wa magari madogo huzishika mara chache kwa mwaka, zinunuliwe kwa bei nafuu bila kujilaumu; nati za ukubwa huo zina nyama ya kutosha kuvumilia mdomo usio kamili.

Soketi nyeusi za mashine ya upepo nazo si lazima ziwe za jina kubwa. Hutengenezwa kwa chuma cha kromu na molibdeni, ni nene, na za bei ya kati huvumilia sana. Kosa linalofanyika ni kuitumia soketi ya kung'aa kwenye mashine hiyo. Soketi ya kung'aa ni ngumu na ya kutumiwa kwa mkono, na mapigo ya mashine yanaweza kuipasua vipande.

Hatua ya 5: Jeki na stendi zisiingizwe katika hesabu ya kubana matumizi

Mwili wa mtu ukiwa chini ya gari, swali la bei linabadilika. Nunua stendi zenye uwezo ulioandikwa wazi kwa tani, kagua mstari wa kulehemu kwenye kila mguu, na ujaribu jino la kufungia kwa kuipandisha na kuishusha kila hatua. Usifarijike kwa sababu tu bidhaa ni mpya na ina nembo. Mwaka 2020, huko Marekani, kampuni ya zana ya Harbor Freight ililazimika kuwataka wateja warudishe stendi zake za tani 3 na tani 6 kwa kuwa meno ya baadhi yake yangeweza kuachia yakiwa na mzigo, na miezi michache baadaye baadhi ya stendi zilizotolewa badala yake zikarudishwa pia kwa kasoro ya kulehemu. Hata ukiwa na stendi bora, weka tairi lililotolewa chini ya fremu kama kinga ya pili, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wanaofanya hivyo katika gereji bubu zetu hawakosi stendi tu, wamezoea.

Hatua ya 6: Usilipie dhamana usiyoweza kuidai

Snap-on, iliyoanza mwaka 1920 huko Marekani, ilijijengea jina kwa magari ya mauzo yanayopita gereji hadi gereji, yakimkopesha fundi na kumbadilishia kilichovunjika. Bei ya zana zile imebeba ndani yake huduma hiyo. Fundi wa Temeke au Kisauni asiyefikiwa na gari la namna hiyo analipia dhamana ya maisha ambayo, ili aidai, itabidi asafirishe spana kwa ndege. Kama kuna wakala karibu anayebadilisha kweli, hesabu ni nyingine. Muulize kwanza anabadilisha vipi, kwa muda gani, na nani analipa usafiri.

Ndiyo maana kwa mafundi wengi wa kwetu daraja la kati lina faida kuliko madaraja yote mawili. King Tony na Force za Taiwan, Taparia ya India, pamoja na KTC na Koken za Japani zinapopatikana kwa bei inayovumilika, hutoa usahihi wa mdomo na ugumu wa chuma bila kukutoza huduma isiyokufikia. Chapa za Kichina zenye wasambazaji wanaojulikana, kama Ingco, Total na Tolsen, zinafaa kwa orodha ya hatua ya 4, na kwa anayeanza zinaweza kushika hata nafasi ya spana za kawaida. Angalau zina jina la kulinda, tofauti na spana isiyo na jina iliyochimbwa maneno “Chrome Vanadium” tu. Maneno hayo yanataja aina ya chuma inayodaiwa kutumika. Hayasemi lolote kuhusu jinsi chuma kilivyopashwa moto na kupozwa, ambako ugumu hutoka.

Hatua ya 7: Ikague zana ukiwa bado dukani

Nenda na bolti tatu mpya mfukoni, zenye vichwa vya 10, 12 na 14. Ingiza kila moja kwenye spana unayoitaka na uitikise. Mchezo mdogo ni wa lazima, kwani zana isiyo na nafasi haitaingia kwenye nati yenye rangi au kutu, lakini bolti ikicheza kushoto na kulia mpaka ukaona inageuka, irudishe. Mwenye kalipa ya venia apime: mdomo wa spana ya 10 ukizidi kipimo chake kwa robo ya milimita, usiununue hata kwa bei ya kutupa.

Pitisha kidole ndani na nje ya soketi kutafuta kromu iliyovimba au kubanduka, kwa kuwa maganda yake hukata kama wembe. Bingirisha kiunganishi kirefu cha soketi juu ya kioo cha kaunta uone kama kimenyooka. Inua plaizi ya kukatia kwenye mwanga ukiwa umeifunga. Mwanga usipenye kati ya makali. Zungusha racheti taratibu kwa vidole viwili bila mzigo, usikilize kama sauti ya meno ni ya aina moja mzunguko mzima. Muuzaji anayekataa majaribio haya amekwisha kukujibu.

Hatua ya 8: Jihadhari na bandia, na usidharau zilizotumika

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na anayepita gerejini na spana za “Ujerumani” begani anastahili kukaguliwa mara mbili. Nembo iliyofifia, herufi zisizolingana kati ya spana moja na nyingine za seti ileile, na jina lililokosewa kidogo ni dalili za kutosha. Nunua zana za bei kubwa mahali panapotolewa risiti, ambayo kwa Tanzania ni ile ya mashine ya kielektroniki ya EFD, kwa sababu bila risiti malalamiko yako mbele ya Tume ya Ushindani au, kwa Kenya, Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, yatakosa pa kuanzia.

Zana zilizotumika kutoka Japani na Ulaya ni njia nzuri ya kupata ubora kwa bei ya chini. Spana ya zamani ya Gedore, Hazet au KTC iliyochakaa rangi bado inaweza kuizidi mpya isiyo na jina. Tazama kona za ndani za soketi kama bado ni kali, na ukatae kipande chenye alama za kusagwa au rangi ya buluu na zambarau, ambayo ni ushahidi kwamba kiliunguzwa kwa moto.

Hatua ya 9: Panga ununuzi kulingana na kipato

Anayeanza na mtaji mdogo anunue kwanza stendi mbili na jeki, kisha seti ya soketi za 3/8 (tundu la kuingizia racheti likiwa la inchi 3/8) ya daraja la kati yenye vipimo vya 8 hadi 19, spana za kawaida za vipimo hivyohivyo, bisibisi namba 2 iliyo bora na spana ya mabomba ya 10. Toki renchi ifuate kabla ya kukubali kazi yoyote ya kufungua injini. Kisha, kila kazi mpya inapoleta hitaji jipya, ndipo zana yake inunuliwe. Soketi ya 10 inunuliwe zaidi ya moja, kwa sababu hakuna kipimo kinachopotea kama hicho.

Katika gereji ya pamoja, ambako kuazimana hakukwepeki, weka seti ndogo ya bei nafuu kwa ajili ya kuazimisha, na zile nzuri uzipake alama ya rangi yako na kuzifungia. Kumnyima jirani si heri, lakini kumpa soketi ya bei kubwa anayeigonga kwa nyundo si ukarimu.

Spana za bei nafuu zina matumizi mengine ambayo za bei kubwa hazitaweza kuyapata, kwa kuwa hakuna atakayethubutu. Nati ya maniforidi iliyojificha nyuma ya injini mara nyingi hufikiwa na spana iliyokunjwa, iliyokatwa mpini au iliyosagwa ukuta ukawa mwembamba. Nunua ya 12 na ya 14 za bei ya chini kwa ajili hiyo, uzipashe moto na kuzikunja upendavyo. Kisha zipake rangi nyekundu na kuzitenga na nyingine, kwa sababu sehemu iliyopashwa moto imepoteza ugumu wake, na atakayeishika kwa haraka akaiongezea bomba la kurefusha mpini ili kufungua bolti iliyoganda ataikunja upya, safari hii bila kukusudia.